UZI: Parkinson na tiba ya moto ya Wachina (moksa). Inasaidia wapi, inaishia wapi

FizioMoro ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu jukwaani linaibuka swali la mzee mwenye Parkinson ambaye familia imeshauriwa impeleke "akachomwe na Wachina". Majibu huwa mawili tu: ni utapeli, au inaponya kabisa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Nilisomea Nanjing, na sehemu ya mafunzo kwa vitendo niliifanyia kwenye idara ya sindano za Kichina (akupancha) na moksa, ambako wagonjwa wa Parkinson hawakukosekana kwenye foleni. Tangu nirudi nyumbani, wazee wenye ugonjwa huu ndio sehemu kubwa ya kazi yangu. Nawapenda, na inaniuma kuona wanavyozungushwa. Ninachokijua nakiweka hapa, nanyi muulize.

Nitangulize msimamo wangu. Joto la moksa, yaani la majani ya pakanga yanayowashwa karibu na ngozi, ni msaidizi mzuri wa misuli iliyokaza, tumbo lililofunga na usingizi uliopotea. Chanzo cha ugonjwa haligusi. Linakaa pembeni ya vidonge na mazoezi, halichukui nafasi yake. Anayekwambia "acha vidonge, njoo tukuchome upone", ondoka hapo hapo na mzee wako.

Ugonjwa wenyewe kwanza. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza kwa maandishi mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo, kwa chini, kuna kisehemu cheusi chenye seli zinazotengeneza dopamini. Dopamini ndiyo inayomwezesha mtu kuanza mwendo na kuuendeleza bila kuufikiria: kuinuka kitini, kufunga kifungo, kugeuka kitandani. Seli hizo zinakufa taratibu, na siku mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakwenda. Mtetemeko ndio watu wanaouona, lakini muulize mgonjwa mwenyewe kinachomchosha, mara nyingi atataja mengine. Mwili umekakamaa. Miguu inagoma mlangoni. Choo hakitoki siku nne. Usiku anapiga mateke ndotoni. Akisimama, presha inashuka na macho yanaingia giza. Choo kigumu na kupoteza uwezo wa kunusa vinaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu zaidi ya milioni 8.5 wanaishi na Parkinson, mara mbili ya ilivyokuwa miaka 25 nyuma. Kwetu, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, ulifanyika utafiti wa nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, matokeo yakachapishwa 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na karibu wanane katika kila kumi hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hiyo ndiyo hali yetu. Wengi wanaambiwa ni uzee, ni presha, au wamerogwa, na wakati huo dawa ipo. Levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1960, na mpaka leo hakuna iliyoipita kwa nguvu.

Sasa moksa. Ni jani la pakanga ya Kichina, ndugu wa pakanga hii hii iliyotajwa kwenye Biblia kwa uchungu wake. Jani linakaushwa, linawekwa ghalani (Wachina wanalipenda lililokaa miaka mitatu), linatwangwa na kupepetwa hadi vumbi liondoke ibaki pamba laini ya rangi ya manjano. Pamba hiyo inafinyangwa kuwa vitonge vidogo, au inaviringishwa kwenye karatasi kuwa kijiti kinene kidogo kuliko kidole gumba. Ukiiwasha haitoi mwali. Inaungua kwa kaa, polepole, na joto lake linazama. Pakanga inayosifiwa zaidi inatoka Qichun, mkoa wa Hubei, nyumbani kwao tabibu Li Shizhen wa karne ya 16.

Ni tiba kongwe hasa. Kaburi la Mawangdui mjini Changsha lilifungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa 1973. Ndani yake yalikutwa maandishi kwenye hariri yanayoeleza njia kumi na moja za mwili na jinsi ya kuzitibu kwa moto, wala sindano haikutajwa. Mwaka 2010 UNESCO iliorodhesha sindano na moksa kama urithi wa utamaduni usioshikika. Naheshimu historia hiyo, ila haitoshi kuwa ushahidi wa kutibu Parkinson. Mtu akikwambia "ina miaka elfu mbili" kana kwamba amejibu swali, muulize tena.

Tabibu wa jadi wa China anauweka ugonjwa huu kwenye kundi la maradhi ya kutetemeka: ini na figo zimechoka, damu haitoshi, upepo wa ndani umeamka unatikisa viungo. Kwa hiyo anapasha moto sehemu za "kujaza" mwili. Zusanli ipo vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa mfupa wa ugoko. Guanyuan ni vidole vinne chini ya kitovu. Tianshu ni pembeni ya kitovu, kulia na kushoto. Dazhui ipo pale mfupa mkubwa wa shingo unapojitokeza ukiinama. Kwa mzee aliyekakamaa mgongo mzima wanafanya moksa ya uti wa mgongo: wanapanga tangawizi iliyosagwa toka shingoni hadi kiunoni, juu yake wanalaza mstari wa pamba ya moksa na kuuwasha, mzee amelala kifudifudi.

Nieleze kwa karibu jinsi kazi ya kijiti inavyofanywa, kwa sababu hapa ndipo unapomtambua fundi na asiyejua. Muuguzi aliyenifundisha alikuwa anakaa, hasimami. Mkono wa kulia umeshika kijiti, ncha ikiwa sentimita mbili au tatu juu ya ngozi. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada na cha kati vimetanuka juu ya ngozi ya mgonjwa, kimoja kila upande wa sehemu inayopashwa. Mgonjwa wa Parkinson mwenye kisukari anaweza asisikie kuungua, kwa hiyo vidole vyako vinasikia kwa niaba yake. Kila dakika mbili tatu anakung'uta jivu kwenye kibakuli cha maji kabla halijadondoka lenyewe. Dakika kumi hadi kumi na tano kwa sehemu moja, ngozi iwe nyekundu ya kupendeza, basi. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa anafika bega limepanda karibu na sikio, ngumi imejifunga. Kufikia katikati ya kipindi, kidole gumba kinaanza kuachia, halafu vinafuata vingine. Mkewe alikuwa anausubiri mkono ule ufunguke ili amkate kucha.

Hilo nimeliona na nalithamini. Bega litarudi juu kesho au keshokutwa, nalo nimeliona.

Kwa nini mwili unalegea? Joto linapanua mishipa midogo ya damu, linapunguza mkazo wa misuli, na mishipa ya fahamu ya ngozi ikipata joto inapunguza kelele za maumivu. Kuna kulala mahali patulivu nusu saa ukishughulikiwa na mtu asiye na haraka. Na kuna imani, ambayo kwenye Parkinson ina nguvu ya ajabu. Karibuni.

---

BintiTanga ameandika:

Asante sana kaka FizioMoro, umenigusa. Mama yangu ana miaka 71, ana Parkinson. Tulimpeleka kliniki moja ya dawa za Kichina, siitaji jina. Walimpima kwa kumshika mkono, wakasema sumu ya vidonge imejaa kwenye ini, aviache kwanza ndipo moto ufanye kazi. Tumelipia awamu nzima. Ameacha juzi. Tangu jana hawezi kugeuka kitandani na leo anasema anasikia joto mwilini. Wanasema ni sumu inatoka. Nifanyeje?

---

FizioMoro ameandika:

BintiTanga, dada yangu, acha kusoma uzi, mpeleke mama hospitali usiku huu huu. Siyo kesho.

Kukatisha levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa kabisa, akili kuvurugika, misuli kuharibika na kuziumiza figo. Watu hufa kwa hilo. Mwambie daktari wa zamu maneno haya: "Ana Parkinson, alikuwa anatumia levodopa, ameacha ghafla tangu juzi." Beba boksi la vidonge, na wao ndio waseme arudishiwe vipi. Vidonge hivi hata vikitakiwa kupunguzwa, vinapunguzwa kidogo kidogo na aliyeviandika.

Tujulishe tafadhali.

---

Mfamasia_Dom ameandika:

Naomba niwe mkali kidogo, mkuu, kwa nia njema. Uzi ni mzuri ila umepita juu juu kwenye ushahidi. Majaribio ya moksa kwa Parkinson nimeyasoma kadhaa. Karibu yote ni ya China, yana wagonjwa makumi tu, na mpangilio ni ule ule: kundi moja linapewa Madopar (kidonge chenye levodopa), la pili Madopar pamoja na moksa, halafu yanalinganishwa. La pili linaonekana bora kwenye alama za mwendo, choo, usingizi. Lakini kila mgonjwa anajua kama amechomwa au hajachomwa. Moshi unanuka, ngozi inawaka. Utamdanganya nani? Kundi la kwanza lilipaswa kulazwa nusu saa na kushikwa mikono vile vile ndipo tuseme ni pakanga iliyofanya kazi.

---

FizioMoro ameandika:

Mfamasia_Dom, wala hujawa mkali, umesema kweli na nakushukuru. Watafiti walijaribu kutengeneza moksa bandia, vifaa vyenye kizuizi ndani ili joto lisifike sawasawa, lakini mgonjwa aliyewahi kupata moksa ya kweli anagundua. Kwa hiyo mtu mkweli anasema hivi: dalili za kutia moyo zipo, uthibitisho madhubuti haupo.

Niongeze jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapiga wagonjwa wa Parkinson picha za PET, zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi. Wagonjwa walipopewa dawa tupu wakiamini huenda ni ya kweli, ubongo wao wenyewe ulimwaga dopamini, pale pale inapokosekana. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha kingine: wagonjwa 12 walichomwa sindano za maji ya chumvi, wakaambiwa moja ni dawa ya dola 100 na nyingine ni ya dola 1,500. Ile "ya ghali" iliwafanya watembee vizuri zaidi. Maji yale yale!

Hapa ndipo biashara inapotuumiza. Mzee anatoka kitandani kwa Mchina au kwa Mmatumbi mwenzetu, anatembea vizuri siku hiyo, familia inalia kwa furaha, inauza ng'ombe kulipia awamu ya pili. Nafuu ile haikuwa uongo, aliisikia kweli mwilini. Ila dopamini inayomwagwa na matumaini inatoka kwenye seli zile zile zilizobaki, na hakuna seli mpya iliyoota. Bei ikipanda, matumaini yanapanda, na mfuko unabaki mtupu wakati vidonge vya mwezi ujao havijanunuliwa.

Kwangu mimi kanuni ni hii: fedha ya vidonge iwekwe pembeni kwanza, fedha ya fiziotherapia ifuate, na kinachobaki, kama kipo, ndiyo moksa.

---

MzeeKikwajuni ameandika:

Nduguzanguni, mie nipo Unguja. Madaktari wa Kichina tumewazoea tangu 1964, wanakuja kwa zamu hospitali ya Mnazi Mmoja na kule Pemba, na wanatoka mkoa huo huo wa Jiangsu aliosomea kijana wetu. Sindano zao watu walizikubali. Lakini mambo ya joto sisi nayo tunayo. Bibi zetu walikuwa wakikanda kwa maji ya moto na majani, wakichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa, tunafukizwa, tunapigwa chuku (pembe ya kuumika). Mie nna maradhi haya mwaka wa sita. Jee, huku kukanda kwetu hakutoshi, mpaka nitafute hicho kijiti?

---

FizioMoro ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa maradhi, na asante kwa swali hili, maana ndilo nilikuwa nalisubiri.

Kwa kukaza kwa misuli, kukanda kwenu kunatosha. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, likawekwa begani na mgongoni, linafanya sehemu kubwa ya kazi ya moksa, bila moshi wala jivu. Anayekukanda ajaribu joto kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake. Akimaliza, usikae tu mzee wangu: huo ndio wakati wa kuzungusha mabega, kunyoosha vidole, kugeuza shingo. Joto linafungua mlango kwa muda mfupi, mazoezi ndiyo yanayopita. Wengi wanapasha halafu wanalala, faida inapotea.

Chuku ya kavu mgongoni sina ugomvi nayo kwa mwenye ngozi nzima. Ya kuchanja damu sikushauri, hasa kama unatumia dawa za kulainisha damu. Kufukizwa ukiwa umejifunika shuka, hapana kabisa. Parkinson inavuruga jinsi mwili unavyotoa jasho na kurekebisha presha. Ukitoka kwenye mvuke ukasimama ghafla, utaanguka, na kuvunjika nyonga kwa mgonjwa wa Parkinson ni msiba.

Na kama unataka kitu cha Kichina chenye ushahidi wa maana kwa maradhi yako, mzee, kipo: tai chi, ile michezo yao ya mwendo wa pole. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Oregon, Marekani, wa wagonjwa 195. Waliofanya tai chi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara na kuanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Nashangaa sana hili halizungumzwi. Nadhani ni kwa sababu hakuna wa kuliuza.

---

KilifiGirl ameandika:

Hamjambo wadau. Huku pwani ya Kenya shosho wa jirani yangu anapewa unga wa upupu, ati una dawa ya Parkinson ndani. Na kuna mkulima ananiambia ile artemisia ya malaria ndiyo moksa, tukaushe tumchome nayo. Ni kweli?

---

FizioMoro ameandika:

KilifiGirl, karibu. La upupu ni kweli, na ndiyo maana ni la hatari. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, molekuli ile ile ya kidonge. Utafiti wa Bolivia uliochapishwa 2017, kwa wagonjwa 18, ulionyesha unga wa mbegu zilizokaangwa unaondoa ugumu wa mwili kama kidonge. Lakini pale madaktari walipima kiasi kwa uzito wa mgonjwa. Shosho akila kijiko cha upupu juu ya vidonge vyake anazidisha dozi, na zawadi yake ni kutapika, mwili kujinyonganyonga, presha kushuka, na kuona watu wasiokuwepo chumbani. Daktari wake aambiwe wazi kwamba anautumia.

La artemisia, hapana. Ile ya malaria ni ndugu tu. Ndiyo iliyompa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel 2015, na ndiyo asili ya dawa mseto tunayoijua wote. Jani lake ni jembamba lenye matawi mengi. Jani la moksa lina nyuzi laini nyeupe upande wa chini, na nyuzi hizo ndizo zinazobaki kuwa pamba na kuungua taratibu. Mkichoma majani makavu ya shambani yatarusha cheche na kudondosha makaa juu ya ngozi ya mzee. Msithubutu.

---

MuscatMswahili ameandika:

Assalaam alaykum. Baba yangu alifanyiwa upasuaji India, ana waya za umeme kwenye ubongo na betri kifuani, na begani anabandika plasta ya dawa. Hapa Muscat kuna kituo wanataka kumfanyia moksa na "mashine ya joto la ndani". Wanasema haina shida.

---

FizioMoro ameandika:

Waalaykum salaam. Hapa simama, ndugu yangu.

Mashine ya joto la ndani mara nyingi ni daiathemi, inayopasha tishu kwa mawimbi ya redio. Mwenye waya kwenye ubongo hafanyiwi daiathemi popote mwilini, hata gotini, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Mawimbi yanaingia kwenye waya, ncha yake iliyo ndani ya ubongo inapata moto na kuunguza. Kuna wagonjwa walioharibika ubongo kwa njia hiyo, na watengenezaji wa vifaa wanalikataza kabisa. Baba akienda kituo chochote, neno la kwanza kinywani mwake liwe "nina kifaa kwenye ubongo".

Kijiti cha moksa hakitoi mawimbi, lakini kisiende karibu na kifua kilipo kifaa, wala shingoni inapopita waya, wala kichwani.

Plasta nayo ina habari yake. Ikiwa ni ya rotigotini (dawa ya Parkinson inayopenya kwenye ngozi), joto linaifanya imwage dawa kwa kasi kuliko ilivyopangwa. Moksa, chupa ya maji ya moto, hata kuota jua kali, vyote viwe mbali na plasta. Kama bega la kushoto lina plasta, bega hilo halipashwi.

---

Mfamasia_Dom ameandika:

Hili la plasta hata wenzangu dukani wengi hawalisemi. Umefanya vizuri. Moshi je?

---

FizioMoro ameandika:

Moshi wa moksa ni moshi, hata kama unanukia. Mwenye pumu au mapafu mabovu asikae nao, na anayefanya kazi hiyo kutwa nzima anauvuta kuliko mgonjwa. Dirisha liwe wazi, feni isielekezwe kwa mzee maana jivu linaruka. Kuna vijiti vya mkaa visivyo na moshi, lakini ni vikali na vinaunguza haraka. Na kijiti hakizimwi kwa kukisigina kama sigara, ndani kinaendelea kuungua. Kinachomekwa kwenye chupa ya mchanga au kinafunikwa kwa kifuniko chake.

Mgonjwa wa Parkinson asishike kijiti mwenyewe. Mkono unaotetemeka na moto havikai pamoja.

---

BintiTanga ameandika:

Nimerudi jamani. Mama alilazwa. Walimwekea maji, wakamrudishia vidonge, homa imeshuka, na tumeruhusiwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Leo asubuhi amekaa mwenyewe kitandani ameomba uji. Nimelia sana. Asante kaka, asanteni wote.

Sasa nina swali, na naomba msinicheke. Mama mwenyewe bado anataka moto. Anasema vidonge vinamsogeza, lakini ni ule moto uliomfanya apate choo na alale usiku. Daktari nimemuuliza, amesema hapingi ilimradi vidonge visiguswe na asiungue. Nitamfanyia mwenyewe nyumbani. Nianzeje?

---

FizioMoro ameandika:

BintiTanga, Mungu ni mwema, nimefurahi mno. Na hakuna wa kukucheka. Tumbo ni mahali sahihi pa kuanzia. Tumbo la mgonjwa wa Parkinson linafanya kazi polepole, na levodopa inafyonzwa kwenye utumbo mdogo, kwa hiyo kidonge kikichelewa tumboni na mwendo unachelewa. Akipata choo vizuri siku yake yote inakuwa nyepesi.

Usianze na kijiti. Anza na mfuko wa maji ya moto uliofungwa kwenye kanga iliyokunjwa mara mbili, uweke chini ya kitovu, jioni, wakati kidonge kimeshashika na mama amelegea, siyo wakati amekakamaa anasubiri dozi. Robo saa inatosha. Huku joto likifanya kazi, msugue tumbo kwa kiganja ukizunguka kwa mwelekeo wa saa, taratibu. Mpe maji ya kutosha mchana, papai, mboga za majani. Vidonge vyake mpe nusu saa kabla ya chakula, na nyama au maharage yasigongane navyo. Kama choo bado hakitoki baada ya siku tatu, rudini kwa daktari kuna dawa za kulainisha, msione aibu.

Baadaye mkitaka moksa yenyewe, tafuta mtu aliyesomea akuonyeshe kwa mikono yake, na akuone wewe ukifanya mbele yake. Zusanli miguu yote miwili, na Guanyuan. Kagua kwanza kama nyayo na miguu yake inasikia: mguse kwa pamba akiwa amefumba macho, akwambie umegusa wapi. Pasiposikia, hapawashwi kitu.

Mkimaliza, mama asiinuke moja kwa moja. Joto linashusha presha na ugonjwa unashusha presha. Mgeuze ubavu, akae ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, apige soga na wewe dakika mbili tatu, akanyagekanyage sakafu, ndipo asimame ukiwa umemshika kiunoni, siyo mkononi.

Andika kwenye daftari saa ya kila kidonge, siku za choo, na saa alizolala. Ukifika kliniki mwezi ujao umwonyeshe daktari daftari hilo. Nami uniwekee hapa wiki mbili za kwanza, hata kwa kifupi, nione kama joto linafuatana na choo au ni papai linalofanya kazi.